Bendimasta na Neno Lake la Bado

Ukitaka kujua uongozi wa okestra unavyofundishwa Arua, huku kwetu Uganda, usiniulize habari ya kijiti cha kuongozea. Bendimasta alinifundisha miaka minne, na katika miaka yote hiyo mkono wangu haukugusa kijiti hata siku moja. Naandika haya nikiwa na furaha isiyoniruhusu kutulia kitini, kwa hiyo msomaji anivumilie nikirukaruka. Mtu mwenyewe alikuwa wa kurukaruka vilevile.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Watu wa kwetu hupenda kuanzia huko, na wakifika kwa mtu mwenyewe wameshachoka. Inatosha kujua kwamba tangu ujana wake alipuliza yufoniamu katika bendi ya jeshi, na yufoniamu ni lile tarumbeta nene la shaba ambalo mpulizaji hulikumbatia kifuani. Alipoacha jeshi alitoka Koboko akashuka Arua, akachukua bendi ya kanisa moja iliyokuwa inakata roho. Yeye alikuwa Mwislamu. Ijumaa alivaa kanzu akaenda msikitini, Jumapili alivaa koti la bluu akaongoza nyimbo za kanisa, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa wageni. Mgeni mmoja alimuuliza mbele yetu inakuwaje.

"Muziki hapana na dini," Bendimasta akamjibu kwa Kiswahili chetu cha jeshi na soko. "Muziki iko na saa. Na wewe umechelewa."

Kweli alikuwa amechelewa, tena sana.

Bendi hiyo ya shaba aliichanganya na adungu, vinubi vyetu vya nyuzi, kuanzia vile vidogo vya kupakata hadi lile la besi linalobebwa na watu wawili. Akaongeza klarineti mbili na fidla tatu alizozitoa anakojua mwenyewe, akaiita okestra. Mji ulicheka. Kisha akafanya kituko zaidi: akatangaza kwamba anatafuta vijana wa kufundishwa kuongoza, kwa sababu yeye hataishi milele na hataki bendi ife mara ya pili. Akachagua watano. Watatu waliacha kabla ya mwaka kuisha, na baada ya muda mfupi utaelewa kwa nini. Tukabaki wawili. Hakuwa na haja na majina yetu. Kila mtu alimwita kwa mahali alikotoka. Mwenzangu alikuwa kijana mkulima, akaitwa Dadamu. Mimi, msichana, niliitwa Vurra.

Vurra ni kule mpakani, ambako malori ya Congo hupanga foleni tangu alfajiri na mama yangu huwauzia madereva chai na chapati. Nilikuja mjini kupiga klarineti tu. Lakini siku moja mazoezini nilimwona Bendimasta akifunga kiganja chake hewani, na watu arobaini wakanyamaza kwa pamoja, hata vumbi nadhani lilinyamaza. Nywele zilinisimama. Nilitaka kufanya hivyo mimi mwenyewe, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine.

Mwaka wa kwanza alinipa agwara moja. Hizi ni tarumbeta za mbao za wazee wetu. Kila moja hutoa sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa kupokezana, wewe ukitoa yako, jirani naye anatoa yake. Yangu ilikuwa ya nne kutoka ile kubwa. Sauti moja! Mwaka mzima! Wenzangu wa shule walikuwa wanasoma uuguzi na ualimu, na mimi nikiulizwa nasoma nini ilibidi niseme nasoma puu.

Dadamu hakuweza kujizuia. "Mzee," akasema, "mimi nilikuja kusoma kuongoza. Sasa mimi iko napiga puu moja tu."

"Na hiyo moja yako nakuja mapema," Bendimasta akamwambia. "Ngoja mutu wako amalize. Halafu wewe."

Hapo ndipo wale watatu walipofunga virago. Nami nakiri kwamba nililia mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Lakini kuelekea mwisho wa mwaka ule jambo likatokea masikioni mwangu. Nilianza kusikia yule wa tatu anavyovuta pumzi kabla ya sauti yake, kisha wa pili, kisha wote kumi na wawili, kila mtu na pumzi yake, na nikajua nani atachelewa kabla hajachelewa. Nilikimbia kumweleza Bendimasta nikihema kama niliyefukuzwa na mbwa.

"Sasa nimejua, mzee!"

"Bado," akasema, akaendelea kufuta yufoniamu yake.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Wimbo ukitoka safi, bado. Ukimwonyesha nyimbo ulizonakili usiku kucha bila kosa, bado. Mkewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama, aliniambia hata wali ukiiva humwambia bado, ndipo anakula sahani mbili. Mama alikuwa na maneno yake kuhusu ukuu wa mumewe. "Huyu mzee wenu kule naongoza watu arobaini," alisema akitumiminia chai. "Hapa nyumbani hapana ongoza hata kuku." Na kuku kweli walikuwa wanapanda juu ya meza ya Bendimasta na kukanyaga karatasi zake za muziki, naye anawaomba washuke kwa sauti ya upole ambayo sisi hatukuwahi kuisikia.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Alipiga marufuku simu mazoezini, halafu yake mwenyewe ilikuwa mfukoni mwa koti inarekodi kila kitu. Alisema mwanamuziki hapaswi kulia mbele ya muziki kwa sababu machozi hufunga koo. Siku moja adungu kubwa na fidla ziligusana vizuri katika wimbo wa mazishi, akaweka mikono chini, akatoka nje, akazunguka jengo zima mara mbili huku tunamwona dirishani. Aliporudi alitulaumu kwamba tumeacha kupiga.

Na alituongoza akiwa ametupa mgongo. Hili lazima nilieleze, maana lilikuja kunipeleka pabaya. Bendi yetu ilikuwa ya barabarani: maandamano ya kanisa, harusi, maziko. Kiongozi hutembea mbele, anatazama njia, na bendi inamfuata. Bendimasta hakugeuka nyuma hata kidogo. Alitusoma kwa masikio. Mara moja tulikuwa tunapita mtaa wa Oli tukielekea harusini, katikati ya vibanda na watu wa sokoni, akapaza sauti bila kugeuza shingo.

"Tromboni ya kushoto! Wacha kusalimia mutu!"

Ilikuwa kweli. Mpiga tromboni alikuwa amemwona shemeji yake kando ya barabara, akaruka noti mbili amuinulie mkono. Hadi leo mpiga tromboni huyo anaamini Bendimasta alikuwa na macho kisogoni.

Basi na sisi tulijifunza hivyohivyo. Mimi na Dadamu tulisimama mbele ya okestra tumeipa mgongo, tunatazama ukuta, mikono hewani bila kijiti, tukimtajia Bendimasta aliyekosea. Niliona ndivyo dunia nzima inavyoongoza.

Mwaka wa nne ilitoka habari kwamba Kampala kuna mafunzo ya viongozi vijana wa okestra, miaka miwili, na wanahitaji watu kutoka mikoani. Dadamu hakutaka kuacha shamba la baba yake; alisema atabaki kuongoza kwaya ya nyumbani, na anaiongoza hadi leo vizuri kabisa. Mimi nilipanda basi. Nilifika kwenye usaili, nikaitwa jina, nikapanda jukwaani, nikawasalimia watahini watatu waliokaa chini ya jukwaa, nikaipa okestra mgongo, nikawatazama watahini machoni, nikainua mikono.

Walitazamana. Nilidhani wamependa.

Na okestra ikaanza! Ikaanza kwa pamoja kabisa, nasema ukweli, na nikaongoza mistari kadhaa nikiwakodolea macho watu wale watatu, hadi mama mmoja mwenye miwani alipopanda, akanishika mabega taratibu na kunigeuza kama mtu anayegeuza mtungi usimwagike. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nami nilicheka, ningefanya nini? Lakini nilipoacha kucheka nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: nyuso za watu wakipiga. Nyusi zinapanda, mashavu yanavimba, binti mmoja wa fidla anauma ulimi. Nilitaka kukaa pale hadi uzee wangu.

Laiti ingeishia hapo. Katika kipande cha pili, mpiga tromboni mmoja, mzee wa mvi tupu, aliingia mapema. Nikasikia. Akarudia, akaingia mapema tena. Nikasikia tena, na mkono wangu ukaendelea kupepea kana kwamba hakuna lililotokea. Tulipomaliza yule mama wa miwani akaniuliza kama nilisikia kosa la tromboni.

"Nilisikia. Mara mbili."

"Kwa nini hukusimamisha?"

"Ana mvi," nikasema.

Hapo hawakucheka. Wakaandika, wakanishukuru, na jina langu halikuwa kwenye orodha.

Nilirudi Arua nimenyong'onyea, nikamsimulia Bendimasta yote. Habari ya mgongo ilimchekesha hadi akatoa leso, akamwita Mama aje asikie kutoka mwanzo. Nilipofika kwa mzee wa tromboni aliacha kucheka.

"Wewe ulisikia?"

"Nilisikia, mzee."

"Halafu wewe nanyamaza."

"Niliona aibu. Ni mtu mzima kama wewe. Nyumbani siwezi hata kumwambia baba mdogo kwamba shati lake limegeuka."

"Aibu iko ya nyumbani. Ile pale iko kazi." Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Vurra, sikio yako iko sawa. Mkono yako iko sawa. Lakini kama wewe hapana weza simamisha mzee, wewe hapana mutu ya kuongoza. Wewe iko shabiki."

Shabiki! Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Kila kitu nilichokuwa nimekitaka kwa miaka minne kilikuwa kimesimama nyuma ya mlango mmoja, na ufunguo wake ulikuwa ni kumwambia mtu mwenye mvi, mbele za watu, umekosea.

Akanitafutia dawa. Alituma ujumbe Koboko, wakaja wenzake watatu wa bendi ya jeshi, wastaafu wote, mmoja na tarumbeta, mmoja na klarineti, wa tatu na ngoma ndogo ya gwaride. Wakapangwa kwenye viti ukumbini. Kazi yao ilikuwa kukosea kwa makusudi, na yangu kuwasimamisha. Walifurahi kama watoto waliopewa likizo. Nao walikosea kwa ufundi mkubwa, maana mtu aliyepiga sawa maisha yake yote anajua mahali pa kukosea panapouma.

Yule wa klarineti akapotoka. Nikashusha mikono, nikainama kidogo.

"Samahani sana wazee wangu, shikamooni, naomba mnisamehe kama nimesikia vibaya, mimi ni mtoto tu mbele yenu, lakini pengine, kama hamtajali, pale kwenye mstari wa tatu..."

Nilipoinua uso, mzee wa ngoma alikuwa amesinzia. Bendimasta alikuwa anatazama saa yake.

"Wewe namaliza salamu, wimbo imekwisha," akasema. "Tena."

Tulifanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu nilifika mahali pa kusema, "Mzee wa klarineti, hapo si sawa," kwa sauti inayosikika, na wazee wakapiga makofi. Nikamgeukia Bendimasta nikiwa nimejaa fahari.

"Hii iko mchezo," akasema. "Hawa najua iko nakosea. Hapana aibu ndani. Bado."

Mwaka uliofuata nilirudi Kampala, na safari hii nilitazama upande unaotakiwa. Waliopiga walikuwa vijana wa rika langu, nikawasimamisha mara nne bila kupepesa jicho, na jina langu likawa la pili kwenye orodha. Nilipiga kelele kituo cha basi mpaka mlinzi akaja. Nikampigia Bendimasta simu nikilia na kucheka kwa pamoja.

"Ulisimamisha mzee?" akauliza.

"Hapakuwa na mzee."

"Haya. Bado," akasema, na nikamsikia Mama nyuma yake akipiga vigelegele.

Miaka miwili ya mafunzo nitaisimulia siku nyingine, ina vituko vyake. Nilipewa kijiti hatimaye, na siku ya kwanza kilinitoka mkononi kikaanguka ndani ya adungu la besi. Nilijifunza kusoma karatasi yenye sauti zote za okestra kwa wakati mmoja, nikasaidia kuongoza matamasha mawili, na moja nikaliongoza peke yangu. Wakati huo Bendimasta alistaafu, akarudi Koboko na Mama na kuku wao.

Mwezi uliopita vijana wa okestra ya Koboko waliniita. Okestra hiyo ni mjukuu wa ile ya Arua, imeanzishwa na watu waliopita mikononi mwake, na ilikuwa haina kiongozi. Waliniambia waziwazi, nje ya ukumbi, kabla hatujaanza. Msemaji wao alikuwa binti mpiga fidla.

"Dada, sisi tunakutaka," alisema. "Lakini wazee wa hapa iko nakuja mazoezini, kila mutu nasema yake. Kiongozi wa zamani alikuwa nanyamaza. Kama wewe pia nanyamaza, sisi tunarudi palepale."

"Leo mtaona," nikasema, nikaingia ukumbini.

Tulikuwa tumepiga ukurasa mmoja tu pikipiki ilipofika mlangoni, na juu yake Bendimasta, koti la bluu, yufoniamu ndani ya gunia. Amekonda. Okestra nzima ilisimama. Nilitaka kukimbia nimkumbatie, na nilikimbia kweli, sioni haya kusema.

"Vurra, iko kiti ya yufoniamu?"

"Iko, mzee. Karibu sana."

Akakaa safu ya nyuma, kando ya kijana wa tuba, shaba kubwa kuliko zote, aliyesogea kumpisha kwa heshima. Tukaanza wimbo mpya niliouandika mwenyewe, ambao katikati yake shaba zote zinanyamaza ghafla ili adungu ndogo ibaki peke yake, laini, kabla ya wengine kurudi. Ni mahali ninapopapenda kuliko popote katika wimbo ule. Nikafunga kiganja. Shaba zikanyamaza, isipokuwa yufoniamu. Ikaendelea kuvuma, nene na tamu, juu ya adungu, mpaka adungu haikusikika kabisa.

Nikasimamisha. "Watu wa shaba," nikasema, "tukate pamoja tafadhali."

Watu wa shaba! Nilijidharau nilipokuwa nikisema. Kijana wa tuba aliitazama sakafu. Binti wa fidla alinitazama mimi, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeona gari likirudi nyuma kwenye mlima. Tukaanza tena. Nikafunga kiganja. Yufoniamu ikaendelea.

Sijui hadi leo kama alifanya kusudi. Masikio ya mtu yanazeeka, na pumzi ya mpuliza shaba ikizeeka huwa nzito kuikata. Niliutafuta uso wake nijue, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Kama ni uzee, namwaibisha mwalimu wangu mbele ya watoto aliowalea. Nikasikia ile adungu inavyozama chini ya sauti yake, na msichana aliyekuwa anaipiga anavyovuta nyuzi kwa nguvu bure, na hapo nikajua nitasema, iwe kusudi, iwe uzee.

Nikashusha mikono. Okestra ikaacha kupiga.

"Mzee," nikasema. "Wewe nashika noti mrefu. Adungu hapana sikika. Kata na mkono yangu."

Nje bodaboda ikapita, ikaenda zake. Bendimasta akaishusha yufoniamu kutoka mdomoni polepole, akaipindua, akamwaga maji yaliyokusanyika ndani ya bomba, akafuta midomo kwa leso. Kisha akainua macho kunitazama kama mpigaji yeyote anavyomtazama kiongozi wake.

"Naanza wapi?" akauliza.

"Herufi D, mzee."

Akatafuta kwa kidole herufi D, alama ya kipande kile kwenye karatasi, akaipata, akaweka mdomo tayari, akangoja. Niliinua mikono, okestra ikaingia, na furaha ilinipanda hadi nikaogopa nitacheka kwa sauti katikati ya wimbo. Tukafika pale. Nikafunga kiganja, na Bendimasta akakata.